Mapunye yatibiwe shuleni

Shule zinapokaribia kufunguliwa, vinyozi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hapa Mombasa, hawana nafasi hata ya kuketi. Wazazi wanawapeleka watoto wakanyolewe kwa sababu shule nyingi zinataka kipara au nywele fupi kabisa, na agizo hilo hutolewa kwa jina la usafi. Mashine moja hupita kichwa baada ya kichwa tangu asubuhi hadi usiku. Kinyozi akimmaliza mtoto mmoja, huipangusa mashine kwa brashi ileile iliyompangusa mtoto shingoni, pengine akaipulizia spiriti mara moja, kisha akamwita anayefuata. Wiki chache baadaye vichwa vinaanza kuonyesha madoa ya mviringo yenye ukurutu mweupe, nywele zikiwa zimekatika usawa wa ngozi. Mwalimu anamwambia mama abaki na mtoto nyumbani hadi apone. Mama ananunua tyubu ya krimu, anapaka, madoa yanafifia, halafu yanarudi. Muhula mwingine unafika, agizo la kunyoa linatolewa tena, na mtoto anarudi kwa mashine ileile. Tumeuzoea mzunguko huu kiasi kwamba mapunye tunayaona kama sehemu ya utoto, mfano wa kung'oka meno. Nasema kwamba hautakatika nyumbani kwa mama. Mapunye ni maradhi ya darasa zima, na yatakwisha siku yatakapotibiwa darasani, kwa dawa ya kumeza inayotolewa na kaunti, badala ya kila mzazi kuachiwa apambane na kichwa cha mwanawe peke yake.

Sababu ya kwanza imo ndani ya maradhi yenyewe. Mapunye husababishwa na fangasi wanaokula protini ya unywele. Wakishafika kichwani hawabaki juu ya ngozi; huteremka kwenye shina la unywele hadi karibu na mzizi, na aina nyingine hujaza vijidudu vyao ndani ya unywele wenyewe mpaka ukakatika. Ndiyo maana krimu haimalizi kazi. Inaua walio juu, ngozi inatulia, mama anafurahi, na walioko chini wanaendelea kuishi kama kawaida. Mwongozo wa madaktari wa ngozi popote duniani unakubaliana hapa: mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, inayosafiri kwa damu na kuingia katika unywele unapoota, na dawa hiyo huendelea kwa wiki sita hadi nane au zaidi ikiwa ni griseofulvini, ili unywele mpya wenye kinga uusukume nje ule mgonjwa. Krimu na shampuu zina kazi yao, lakini ni kazi ya kusaidia. Shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu, ikitumika mara mbili kwa wiki, hupunguza vijidudu vinavyomwagika kutoka kichwani, kwa hiyo mtoto huambukiza wenzake kwa kiwango kidogo wakati kidonge kinafanya kazi. Tena kuna watoto waliobeba fangasi bila doa wala mwasho. Hao hawafukuzwi shule na mtu, hawapakwi dawa na mtu, na ndio wanaomwambukiza upya mwenzao aliyetoka kupona. Ukimtibu mmoja aliyeonekana ukawaacha watatu wasioonekana, umetumia pesa bure.

Takwimu zinaonyesha hivyohivyo. Utafiti wa wanafunzi wa shule za msingi mjini Eldoret, uliochapishwa mwaka 2001, ulimkuta mtoto mmoja kati ya kila watatu akiwa na mapunye. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya watoto 150 wa shule katika mtaa wa Mathare, Nairobi, na asilimia 81.3 walikuwa na maambukizi. Viwango hivi viwili haviwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa kuwa mitaa ni tofauti na namna ya kuwachagua watoto pia hutofautiana, lakini hata ukichukua kile cha chini unabaki na darasa la watoto 45 ambamo 15 wanahitaji matibabu. Karibu nasi zaidi kwa hali ya hewa ni Dar es Salaam, mji wa joto na unyevu kama wetu. Huko uchunguzi wa shule za msingi uliochapishwa mwaka 2010 uliona zaidi ya nusu ya wanafunzi wakiwa na ugonjwa wa ngozi wa aina fulani, na fangasi wakiwa miongoni mwa waliotia fora. Sasa tazama bara ya Mombasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni na 131,882 Changamwe. Hao ni zaidi ya nusu ya wakaazi wote 1,208,333 wa kaunti, na wengi wanaishi katika nyumba za vyumba vya kupanga ambamo watoto wanne hulala mto mmoja na kugawana kitana kimoja. Hali inayoyakuza mapunye Mathare haikosekani Chaani, Mtongwe wala Mtopanga, na juu yake tuna jasho la pwani.

Wapo watakaosema hapa kwamba basi shida ni uchafu, na dawa ya uchafu ni maji na sabuni. Fikra hii ina nguvu sana na ndiyo iliyotufikisha tulipo. Ni kweli msongamano huyasaidia mapunye, na ni kweli mama wa Kisauni anayenunua maji kwa mtungi kutoka kwenye mkokoteni hawezi kumwosha mtoto kichwa kila siku kama aliyefunguliwa mfereji. Lakini fangasi hawa hawaulizi umeoga lini. Wanauliza umegusana na nani. Katika miaka ya karibuni madaktari wa ngozi wa Uhispania, Ujerumani na Ufaransa wameripoti wimbi la maambukizi ya Trichophyton tonsurans miongoni mwa vijana wa kiume wanaonyolewa pembeni kwa mashine kila baada ya siku chache kwa ajili ya mtindo. Vijana hao wana maji ya moto bafuni na shampuu za kila rangi. Waliloshiriki na mtoto wa Likoni ni kiti cha kinyozi. Na kwa kuwa tumegusia wanaosingiziwa, paka wa Mombasa nao wapunguziwe lawama: ipo aina ya fangasi itokayo kwa paka na mbwa, na mtoto mwenye kipaka kinachonyonyoka manyoya achunguzwe, ila aina zilizotawala katika tafiti nyingi za Afrika Mashariki, zikiwemo Trichophyton violaceum na tonsurans, huishi kwa binadamu na husafiri kutoka binadamu hadi binadamu. Kumlaumu mama ni rahisi kwa sababu hakugharimu kitu. Matokeo yake ni kwamba mama anaficha. Mtoto anavalishwa kofia ya madrasa siku nzima au mtandio unabanwa vizuri zaidi, kofia inaazimwa na ndugu yake, na kilichofichwa kinaenea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na watu wa bajeti hulipenda: mapunye hayaui, na mengi hupotea yenyewe mtoto akibalehe, kwa sababu mafuta ya ngozi hubadilika na kuwa adui wa fangasi. Kaunti ina malaria, ina kifua kikuu, ina akina mama wanaofariki wakijifungua. Itaachaje hayo ikimbilie vipara vya watoto? Nusu ya hoja hii ni kweli. Ila kungoja kubalehe kwa mtoto aliyeambukizwa akiwa na miaka minne ni kungoja miaka minane au tisa, na muda wote huo anawagawia wenzake. Pia si kila mapunye hutulia. Kwa baadhi ya watoto mwili hupambana na fangasi kwa hasira, kichwa kikavimba, uvimbe ukawa laini unaobonyea, ukatoa usaha na kuuma, na tezi za nyuma ya shingo zikajaa. Ukiutazama unadhani ni jipu. Mtoto anapewa antibayotiki zisizogusa fangasi, au uvimbe unapasuliwa kwa wembe, wakati alichohitaji ni kidonge cha fangasi. Uvimbe wa namna hii usipotibiwa mapema huacha kovu, na penye kovu nywele hazioti tena maisha. Ukiongezea siku za shule anazozikosa, utani wa wenzake, na msichana wa miaka saba anayekataa kuvua mtandio hata mbele ya shangazi zake, jumla haiwi ndogo. Serikali haihitaji ugonjwa uue ndipo iuone. Minyoo nayo kwa kawaida haiwaui watoto wengi, na bado Kenya iliamua kuishughulikia kitaifa.

Historia ya mapunye kwingineko inafundisha kwamba aibu ikichukua usukani, watoto ndio hulipa. Mwishoni mwa karne ya 19 Paris ilikuwa na shule maalumu ndani ya hospitali ya Saint-Louis kwa ajili ya watoto wenye maradhi ya kichwa, kwa sababu shule za kawaida hazikuwataka. Mnamo 1904 daktari Raymond Sabouraud alionyesha namna ya kuzing'oa nywele zote kwa miale ya eksirei, ili fangasi wakose chakula. Njia hiyo ilisifiwa na kuenea duniani. Israeli, baada ya kuundwa mwaka 1948, ilitumia eksirei kwa watoto takriban 20,000, wengi wao wa familia za wahamiaji kutoka Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Miaka ilipopita ikaonekana kwamba waliomulikwa walipata uvimbe wa ubongo na saratani ya dundumio kwa wingi kuliko wenzao, na mwaka 1994 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuwafidia. Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa salama ilikuwa njiani. Griseofulvini ilitambuliwa London mwaka 1939, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 ilithibitika kuwa inaweza kumezwa na kuponya mapunye bila kumng'oa mtoto hata unywele mmoja. Tangu hapo eksirei ikaachwa. Sisi tunaishi zaidi ya miaka 60 baada ya kidonge hicho kupatikana, na bado mtoto wa Magongo anasuguliwa kichwa kwa ndimu hadi kitoke damu, au anapakwa mafuta ya taa.

Duka la dawa nalo lina sehemu yake. Tyubu inayouzwa haraka zaidi mara nyingi ni ya mchanganyiko: dawa ya fangasi kidogo, antibayotiki kidogo, na steroidi kali. Steroidi ndiyo inayompendeza mteja, kwa kuwa mwasho unakoma siku ileile na wekundu unatoweka. Lakini inafanya hivyo kwa kuituliza kinga ya mwili, na fangasi wanapata uwanja. Doa linapoteza umbo lake la kawaida, hata muuguzi anayeyajua mapunye anaweza kulipita. Simlaumu muuzaji anayeuza anachoombwa. Mama amekuja na shilingi chache anataka kitu leo, na zahanati imemwambia hakuna dawa. Palipo na kidonge cha bure mkononi mwa muuguzi, biashara ya tyubu hiyo hupungua bila askari kuitwa.

Na kidonge chenyewe kina hatari gani? Swali hili ni la haki, kwa kuwa tunazungumzia kumpa mtoto mdogo dawa kwa miezi miwili. Griseofulvini ni miongoni mwa dawa za fangasi zilizotumiwa na watoto kwa muda mrefu zaidi, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Inaweza kuleta maumivu ya kichwa, kichefuchefu, au ngozi kuwa nyepesi kuungua juani. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa ini wala kwa mama mjamzito, na kipimo hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo lazima kuwe na mizani na mtu anayejua hesabu. Terbinafini humaliza kazi kwa muda mfupi zaidi, wiki nne hivi, hasa kwa fangasi wa jamii ya Trichophyton, na nchi nyingi sasa zinaipendelea kwa sababu hiyo. Kuna jambo dogo ambalo huamua kama griseofulvini itafaulu au la, nalo ni chakula: hainyonywi vizuri tumboni ikimezwa kwa maji matupu, inataka mafuta. Vitabu vya kigeni husema maziwa ya mtindi au aiskrimu. Sisi tuna mahamri na mbaazi za nazi, tuna wali wa nazi, tuna samaki wa kupaka. Muuguzi akimwambia mama amezeshe mtoto baada ya mbaazi, maelezo hayo yana uzito sawa na dawa yenyewe, na ni maelezo ya sekunde kumi.

Shida halisi ya dawa hii ni muda. Nywele hazirudi haraka, mwasho hukoma mapema, na kufikia wiki ya tatu nyumba yenye watoto watano imeshasahau kidonge. Hapa ndipo shule inapokuwa na faida ambayo hakuna hospitali inayo: mtoto anafika pale kila asubuhi, siku tano kwa wiki. Nchi hii ina uzoefu. Mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni, unaoendelea tangu 2012 na unaozifikia kaunti za pwani, uliwafunza walimu kumpa mtoto kidonge, kumwandika jina na kuhakikisha amemeza, na mamilioni ya watoto wamepita mikononi mwao bila balaa. Najua jibu litakalokuja, kwamba dawa ya minyoo ni dozi moja kwa mwaka na kila mtoto humeza, aliyeugua na asiyeugua. Mapunye hayawezi kufanywa hivyo. Hatuwezi kumpa kila mtoto griseofulvini kwa miezi miwili kwa kumshuku tu. Kinachowezekana ni hatua mbili: wiki ya kwanza ya muhula muuguzi na mhudumu wa afya ya jamii wakague vichwa darasani, mmoja mmoja, kwa faragha ya pazia, waliougua waandikiwe kidonge na kukimeza mbele ya mwalimu asubuhi za shule, mzazi akimalizia wikendi, na ndugu zao na wenzao wa karibu wapewe shampuu. Mtoto aliyeanza dawa abaki darasani. Madaktari wa ngozi wa Uingereza, katika mwongozo wao wa 2014, walikubali kwamba hatari ya kuambukiza ipo, lakini wakashauri mtoto aruhusiwe kuendelea na masomo mara matibabu yanapoanza. Kumfukuza hakumlindi mtu, kwa kuwa anapofukuzwa alishakaa na wenzake wiki kadhaa, na jioni anacheza nao mtaani.

Ni sawa kukumbusha kwamba mafunzo matupu hayatoshi. Miaka ya 1990 palikuwa na mradi wa afya ya ngozi katika shule za mashambani magharibi mwa Kenya, uliowafunza wahudumu wa afya na kuufuatilia ugonjwa tangu 1993 hadi 1999. Maradhi ya ngozi yalipungua, lakini kidogo kuliko mtu angetarajia kwa kazi ya miaka sita. Wapo watakaolitumia hilo kusema juhudi hizi hazifai. Mimi nasoma kinyume chake: kumfunza mhudumu kuyatambua mapunye bila kuhakikisha ana kidonge cha kutosha mwaka mzima, na bila kuigusa mashine ya kinyozi, ni kuacha milango miwili wazi kati ya mitatu.

Tukija kwa kinyozi, mkono wa sheria ukitumiwa vibaya utaharibu zaidi. Vinyozi wengi wa bara ya Mombasa ni vijana waliojiajiri kwa kibanda, kioo, viti viwili na mashine moja au mbili. Ukiwafungia, kazi itahamia barazani na chini ya miembe, ambako hata spiriti haipo. Kitu cha kuwafunza ni kidogo na cha vitendo. Spiriti inayopulizwa juu ya meno ya mashine yaliyojaa vipande vya nywele hulowesha nywele hizo tu; chuma kilicho chini yake hakifikiwi. Kwanza wembe wa mashine uchomolewe, nywele zote zitolewe kwa brashi ya kazi hiyo peke yake, mafuta yafutwe, ndipo uloweshwe dawa kwa dakika kadhaa wakati wembe wa pili unatumika. Ndiyo kusema kila mashine iwe na wembe wa akiba. Kile kisanduku chenye mwanga wa buluu kinachoonekana katika maduka ya kisasa ya vinyozi kinavutia wateja, lakini mwanga hufanya kazi pale unapoangukia, na katikati ya meno haufiki. Taulo moja isizungushwe vichwa kumi. Na kwa upande wa pili, kinyozi ndiye mtu anayekitazama kichwa cha mtoto kwa karibu kuliko yeyote, kwenye taa kali, kila wiki mbili au tatu. Anajua mapunye kabla ya mwalimu na kabla ya daktari. Leo akiyaona huwa na njia mbili, kunyamaza anyoe au kumfukuza mtoto mbele ya watu. Akiwa na karatasi ya kumwelekeza mzazi kwa zahanati, mahali ambapo kweli kuna dawa, atakuwa mlinzi wa kwanza badala ya mshukiwa. Shule nazo zifikirie upya agizo la kunyoa. Kipara hakizuii mapunye. Nywele fupi zilizokatwa kwa mkasi wa nyumbani ni salama kuliko kipara cha mashine ya watu mia.

Kwa wasichana kuna tahadhari nyingine. Si kila kichwa kinachopoteza nywele kina mapunye, na mpango wowote wa kukagua shuleni utaharibika ukisahau hilo. Nywele zinazokatika kwenye paji na juu ya masikio, bila ukurutu, mara nyingi zimevutwa na misuko ya kubana. Dawa yake ni kulegeza misuko, na msusi anapaswa kuambiwa kwamba mtoto akilia msuko umekaza mno. Doa laini kama kiganja, lisilo na ukurutu wala nywele zilizokatika, laweza kuwa kinga ya mwili imeushambulia mzizi wa unywele, hali isiyoambukiza kabisa. Mtoto wa namna hiyo akitengwa na wenzake ataonewa bila kosa. Hapo panahitajika kipimo, na kipimo chenyewe si cha anasa: vipande vya ukurutu na nywele huwekwa juu ya kioo, hudondoshewa potasiamu haidroksaidi, na kutazamwa kwa hadubini. Ni hadubini ileile inayotazama malaria. Taa maalumu ya mwanga wa zambarau inayosifiwa katika vitabu haitatusaidia sana, kwa kuwa fangasi wa jamii ya Trichophyton waliozoeleka kwetu kwa kawaida hawang'ai chini yake.

Nani alipe? Katika jambo hili mpangilio wa serikali yetu ni mzuri kuliko tunavyoutumia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti vituo vya afya vya umma, limeipa elimu ya chekechea, na limeipa leseni za biashara. Muuguzi wa zahanati, mwalimu wa chekechea na kibali cha kinyozi vyote viko chini ya gavana mmoja. Ni nadra kupata ugonjwa ambao funguo zake tatu ziko katika mkono mmoja hivi. Shule za msingi ni za serikali ya kitaifa, na hapo itabidi kuelewana na Wizara ya Elimu, lakini watoto wa miaka minne na mitano, umri ambao mapunye huanza kushika kasi, wako katika madarasa ya kaunti yenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii waliokabidhiwa vifaa vyao na serikali mwaka 2023 tayari wanabisha hodi nyumba kwa nyumba. Kukagua vichwa hakutawaongezea safari. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya huduma ya afya na ya elimu ya msingi kwa pamoja, na mtoto aliyefukuzwa shule kwa maradhi ambayo zahanati haina dawa yake amenyimwa zote mbili.

Kwa hiyo kazi ianze kwa kuhesabu. Takwimu za Eldoret na Mathare zinatosha kutushtua, lakini haziwezi kupanga idadi ya vidonge vya Likoni. Chekechea za umma za Likoni, Kisauni na Changamwe zikaguliwe muhula wa kwanza, matibabu yafuate muhula huohuo, na vichwa vikaguliwe tena muhula wa tatu, ili ijulikane ni wangapi waliopona, wangapi waliorudiwa, na kwa kinyozi yupi. Ratiba ya fedha inajulikana: makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, na kabla ya hapo wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Wazazi wa bara huenda katika vikao hivyo kuuliza barabara, taa na mitaro. Mwaka huu waulize pia griseofulvini ngapi zimeagizwa, kwa zahanati zipi, na mwakilishi wao wa wadi ajibu kwa nambari.